Sugu

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja.

Mimi ni mkalimani wa hospitali katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako Wakongomani na Warundi waliopata hifadhi wamekuja na Kiswahili chao. Siku hiyo daktari alimweleza mama mmoja kwamba uchovu na maumivu yanayobaki baada ya mtu kutibiwa ugonjwa wa Lyme yana jina lake la kitaalamu, lakini watu wengi wanatumia jina jingine ambalo yeye halikubali. Hilo jingine nililigeuza harakaharaka: Lyme sugu. Nikaendelea na sentensi iliyofuata.

Neno sugu kwetu limebeba mizigo miwili. Kisukari ni ugonjwa sugu kwa sababu kinakaa na mtu miaka na miaka. Malaria sugu ni malaria iliyoshinda dawa. Mama alisikia maana ya pili. Alifika nyumbani akamwambia mdogo wake kwamba daktari mwenyewe amekiri: wadudu bado wamo mwilini, dawa imeshindwa. Wiki mbili hazijaisha, mdogo wake alikuwa amepata kliniki ya kulipia, mbali na hapa, iliyo tayari kumtundikia dripu ya antibayotiki kwa miezi sita. Bima haigusi. Alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa gari lake.

Mama mwenyewe ndiye aliyetuita nyumbani kwake, Jumamosi moja ya Oktoba. Tulikuwa watano. Yeye, mzaliwa wa Uvira, mwenye miaka hamsini na miwili. Mdogo wake. Daktari mstaafu kutoka Tanzania aliyefanya kazi Dodoma kwa miaka mingi na sasa anaishi hapa kwa binti yake. Muuguzi kutoka Kenya, ambaye huzunguka majumbani kuhudumia wagonjwa wenye dripu. Na mimi. Mama ameniruhusu kuandika yaliyosemwa kwa sharti la kutotaja jina la mtu.

Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa mezani, ugali umefunikwa. Hakuna aliyegusa.

Mdogo wake: Nianze mimi, maana najua ninyi wote mmekuja kunipinga. Yaya, dada yangu huyu, anaumwa mwaka mmoja na miezi minne. Hospitali imempa vidonge siku ishirini na nane, kisha ikamwambia vipimo vyake vizuri, aende nyumbani apumzike. Mimi namwona kila siku. Yule si mtu mzima wa afya. Kama wadudu wamebaki, dawa iendelee. Hapo kuna kosa gani?

Daktari: Kabla ya dawa, tumsikie mwenye mwili. Mama, ilianzaje?

Mama: Nilikuwa napanda lengalenga. Ile bustani yetu inapakana na msitu, majani yanafika magotini. Jioni naoga, nikaona nyuma ya goti kitu cheusi, nikajua ni mbegu imenigandia. Nikaikwangua na ukucha. Ikakataa. Nikaleta kioo na taa. Mbegu ilikuwa na miguu.

Lengalenga ni mchicha kwa watu wa Congo, na ukitaka kujua ukubwa wa kupe anayeleta Lyme akiwa bado hajakomaa, mimina mbegu za mchicha kiganjani uchukue moja. Huyo ndiye anayeambukiza watu wengi, miezi ya mwishoni mwa masika na mwanzo wa kiangazi cha huku, kwa sababu haonekani. Anapata vimelea kwa kunyonya damu ya panya wa msituni. Akimpata mtu hujichimbia kwenye ngozi, na kwa kawaida huhitaji zaidi ya siku nzima akiwa amejishikiza ndipo avihamishe. Mama hajui alikaa naye muda gani.

Mama: Siku ya tisa ikatoka alama. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa kama mahali palipogongwa, peusi kuliko ngozi yangu, pana joto, inapanuka kila siku. Nikaenda kliniki. Wakasema ni buibui. Wakachukua damu, wakasema haina kitu.

Muuguzi: Hapo ndipo roho inaponiuma. Ile alama ndiyo ugonjwa wenyewe! Ikishaonekana, tena kwa mtu anayeishi huku na ametoka shambani, dawa inaanzwa bila kungoja damu. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, na kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Wiki ya kwanza au ya pili kipimo kinaweza kusema hakuna na wewe unao. Lakini waliomwona wamefundishwa kutafuta duara jekundu lenye kitovu, kama shabaha. Juu ya ngozi ya nani? Nendeni mkaangalie picha zilizobandikwa kwenye korido za kliniki. Mapaja yote ni ya waridi.

Hili nimeliona kwa macho yangu, na sitaki lipite kama jambo dogo. Wataalamu wa hapa wanakadiria kuwa watu 70 hadi 80 kati ya 100 wanaoambukizwa Lyme hutokwa na alama hiyo. Ndiyo kengele ya kwanza, na kwa wengi ndiyo pekee. Utafiti wa Marekani umeonyesha kuwa watu weusi hugunduliwa zaidi ugonjwa ukiwa umeshasambaa kwenye viungo na mishipa ya fahamu. Na dawa inayofanya kazi vizuri wiki ya pili ni doksisaiklini, ile ile doksi inayouzwa kila duka la dawa la Kariakoo, siku kumi hadi kumi na nne. Mama alikosa siku kumi za vidonge kwa sababu alama yake ilikuwa nyeusi.

Mama: Mwezi wa tisa niliamka upande mmoja wa uso umelala. Chai inamwagika kwenye kona ya mdomo. Goti likawa kama boga. Ndipo wakapima tena wakasema ni Lyme. Nikameza vidonge. Uso ukarudi, goti likapungua. Mimi sikurudi.

Alinyamaza kidogo. Kidole gumba chake kilikuwa kinazunguka juu ya goti lile, polepole, kama mtu anayefuta doa kwenye kitambaa.

Mama: Naamka nimechoka kama niliyetwanga usiku kucha. Maumivu yanahama, leo bega, kesho nyayo, keshokutwa hakuna, nafurahi, siku ya nne nashindwa kufungua chupa ya mafuta. Mjukuu wangu ananisogelea na mimi natafuta jina lake. Siku moja nimesimama kituoni, basi langu likaja, nikalitazama hadi likaondoka. Sikujua kama ni langu.

Kwenye mkoba ana daftari la shule. Siku mbaya ni mstari, siku nzuri ni nukta. Nilifungua ukurasa wa Februari: mistari ishirini, nukta nane.

Muuguzi: Ugonjwa huu umegunduliwa na madaftari kama hilo, mnajua? Polly Murray, mama wa nyumbani wa mji wa Lyme, Connecticut. Familia nzima inaumwa, magoti yanavimba, na miaka inapita madaktari wanamwona ana wasiwasi tu. Akawa anaandika kila kitu. Mwaka 1975 yeye na mama mwingine wa mji jirani wakapeleka habari serikalini. Ndipo Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akaja kuchunguza. Ripoti ya 1977 ilikuwa na wagonjwa 51, na 39 walikuwa watoto. Yule mama angekubali kuambiwa ni mawazo, tungechelewa zaidi.

Mdogo wake: Asante, dada. Hayo ndiyo maneno yangu! Jana waliitwa wana mawazo, leo ni ugonjwa wa vitabuni. Leo yaya anaambiwa amepona, kesho watasema walikosea. Hata Mwanasheria Mkuu wa Connecticut wa wakati huo, Richard Blumenthal, aliwachunguza hao waliotunga mwongozo wa matibabu wa mwaka 2006. Nimesoma.

Daktari: Umesoma nusu, mdogo wangu. Alichunguza namna jopo lilivyoundwa, na wanajopo wenye maslahi. Mwaka 2008 wakakubaliana mwongozo upitiwe upya na jopo jingine. Jopo hilo likaukagua wote, na mwaka 2010 likasema mapendekezo yabaki. Lakini si hilo ninalotaka tubishanie. Mimi nimetoka kwa papasi.

Hapo Daktari alisogeza kiti. Nilikuwa sijui kwamba papasi ana udugu na jambo hili.

Daktari: Dodoma vijijini, nyumba za udongo, papasi, ambaye naye ni kupe, anakaa kwenye nyufa za ukuta na sakafu. Usiku anatoka, anakunyonya chini ya saa moja, anarudi. Homa yake inakuja, inaondoka, inarudi. Kimelea chake na kile cha Lyme ni ndugu wa ukoo mmoja: bakteria mwembamba aliyejizungusha kama waya wa springi. Cha papasi kimepewa jina la Mwingereza Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo huko kwenu Congo, Mama. Ikampata yeye mwenyewe, akafia Kasongo mwaka 1905. Na aliyegundua cha Lyme, Willy Burgdorfer, alijifunza kazi yake Basel, Uswisi, akipasua papasi wa Afrika. Ndiyo maana mwaka 1981, alipofungua matumbo ya kupe wa New York na kuona vile vijiwaya, alijua anatazama nini. Akatangaza mwaka uliofuata.

Mama: Kwa hiyo wadudu wetu ndio walimfundisha.

Daktari: Ndiyo, Mama. Sasa sikia nilichokiona kwa macho. Mgonjwa wa papasi ukimpa kidonge cha kwanza, baada ya saa chache anatetemeka kitanda kinagonga ukuta, homa inapanda, ndugu wanalia wanadhani umempa sumu. Ni bakteria wanakufa kwa wingi. Kesho yake yuko nje anaota jua. Jambo hilo lipo kwenye Lyme pia, kwa baadhi ya watu, siku ile ya kwanza. Sasa wewe kliniki yako imekwambia nini?

Mdogo wake: Wamesema akizidiwa na dripu tusiogope. Ni dalili wadudu wanakufa.

Daktari: Kwa muda gani?

Mdogo wake: Wamesema inaweza kuchukua miezi.

Daktari: Hapana. Miezi hapana. Nimewaona mamia, na hakuna aliyetetemeka mwezi wa pili. Ukikubali maneno hayo, basi akipata nafuu ni dawa, na akizidiwa ni dawa. Utajuaje siku inapomdhuru?

Mdogo wake hakujibu. Muuguzi ndiye aliyechukua neno, na alikuwa anamtazama Mama, si yeye.

Muuguzi: Kazi yangu ni ile mipira ya dripu. Inaingizwa kwenye mshipa wa mkono, inapita bega, ncha yake inafika karibu na moyo. Naosha mikono, navaa glavu, nasugua kwa spiriti, na bado nimeshampeleka mtu hospitali usiku na homa ya arobaini, damu imeingia vijidudu kupitia mpira wangu. Mwaka 2000 jarida moja la kitabibu lilieleza habari za mwanamke wa miaka 30 aliyewekewa dripu ya Lyme miezi 27. Fangasi ikaota kwenye ncha ya ule mpira. Akafa. Hata kwenye majaribio mambo haya yametokea. Kuna moja walilofanya Marekani likachapishwa 2003, wagonjwa 55, nusu dawa, nusu dripu bandia. Wanne walilazwa kwa madhara. Watatu kati yao walikuwa wa dripu bandia.

Mdogo wake: Hilo nalijua! Na hilo hilo lilionyesha waliopata dawa uchovu ulipungua. Mbona hamlisemi?

Daktari: Ni kweli, ulipungua, na ni haki lisemwe. Kichwa hakikuwa chepesi zaidi, uchovu ulipungua. Lakini kulikuwa na mengine. Lililotangazwa 2001, watu 129, mwezi mmoja wa dripu na miwili ya vidonge: dawa na dawa bandia vikatoka sawa. La 2008, kumbukumbu zikawa bora kwa wiki chache, walipoacha dawa nafuu ikapotea. Uholanzi, 2016, watu 280, wiki kumi na mbili za nyongeza: hakuna tofauti. Ningekuwa na jaribio moja tu lenye nafuu ya kudumu, ningekuwa wa kwanza kukusaidia kuuza gari.

Mdogo wake: Na wale nyani?

Daktari: Wapo. Mwaka 2012 watafiti wa Tulane waliona bakteria waliobaki kwa nyani waliotibiwa. Na mwaka 2019 wengine wakaonyesha kuwa vipande vya ukuta wa bakteria vinabaki kwenye maji ya goti la mgonjwa aliyemaliza dawa, na mwili unaendelea kuvipiga vita kama vile adui yupo. Kwa hiyo sisemi mwili wa dada yako umetulia. Nasema kuwa antibayotiki huua kilicho hai. Kipande cha ukuta hakina uhai wa kuuawa.

Mdogo wake: Sawa. Tufanye hivi, Daktari. Nimekubali yote uliyosema. Dripu hapana. Sasa niambie ndiyo ni ipi? Maana kule kliniki walimsikiliza saa mbili. Saa mbili! Walimuuliza anaota nini. Hospitali wanampa dakika ishirini, na nusu yake inaliwa na ukalimani. Yeye alitoka kule analia, nikamuuliza kwa nini, akasema, wameniamini. Ninyi mna majaribio. Wao wana sikio. Ningeuza gari kwa ajili ya lile sikio, mnanielewa?

Nadhani hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote yaliyosemwa jioni ile, na nimeyatafakari hadi leo. Huku Marekani inakadiriwa kuwa watu 476,000 kwa mwaka hutibiwa Lyme, na kati ya kila 100 wanaotibiwa, watano hadi kumi hubaki na dalili. Hilo ni jeshi la watu. Wenye ushahidi wanawaambia dawa zaidi haitasaidia, kisha wanafunga faili. Wasio na ushahidi wanawafungulia mlango, wanawaketisha, na wanawauzia dripu. Nimetafsiri upande wa kwanza mara nyingi. Nimetamka kwa kinywa changu, kwa sauti ya upole, maneno yaliyomaanisha nenda. Mimi nakubaliana na Daktari kuhusu dripu bila kusitasita. Lakini najua kwa nini watu wanaikimbilia.

Ndipo nikawaeleza habari ya neno. Nilisema: Mama, daktari wako hakusema wadudu wameshinda dawa. Alisema kuna hali inayokaa muda mrefu. Sugu nilileta mimi.

Kimya kilikuwa kirefu. Mdogo wake aliinama akashika kichwa.

Mama: Sasa ulitakiwa kusema nini?

Sikuwa na jibu tayari. Nikasema labda: maradhi yanayobaki baada ya Lyme.

Daktari: Hilo afadhali sana, na nitakwambia kwa nini sugu linanitisha. Kwetu kuna watu wana taifodi miaka kumi.

Muuguzi: Kenya pia! Kila akiumwa kichwa anapimwa Widal, inasema ipo, anachomwa sindano.

Daktari: Kwa sababu Widal nayo inatafuta kingamwili, na kingamwili hukaa mwilini wadudu wakiwa wameshakufa zamani. Kipimo cha Lyme ni vilevile. Mama anaweza kupimwa baada ya miaka mitano kikasema ipo. Mtu akishabandikwa lile jina, kila maumivu ni taifodi. Hakuna anayetafuta tena. Nimemwona mtu aliyetibiwa taifodi sugu mwaka mzima, kumbe ni brusela ya maziwa mabichi. Mama, huku, kupe huyu huyu ana mdudu mwingine ndani yake, anaingia kwenye chembe nyekundu za damu, kwenye darubini utadhani ni malaria. Doksi haimgusi. Umewahi kupimwa huyo?

Mama alinitazama mimi, kana kwamba nakumbuka miadi yake yote. Nilikuwa nakumbuka. Hakuwahi.

Daktari: Sukari? Tezi ya shingo? Wingi wa damu? Unalalaje, kuna mtu amekuuliza? Unakoroma? Goti limefanyishwa mazoezi na mtaalamu? Nani amekaa na wewe tangu uache Congo akauliza juu ya usingizi?

Mama: Hakuna.

Daktari: Basi hizo ndizo ndiyo zangu, mdogo wangu. Si dawa moja. Ni kazi ya mwaka mzima, na inahitaji daktari anayerudi kwenye faili lile kila baada ya wiki sita, siyo anayelifunga. Wengi hupata nafuu polepole. Nimeona hivyo, na tafiti zinasema hivyo. Ila hapati nafuu mtu aliyeachwa peke yake na daftari.

Mdogo wake alinyanyuka akaenda dirishani. Alikaa huko muda. Aliporudi alifunua ugali, akamkatia dada yake kwanza, akaweka sombe pembeni ya tonge kama anavyompakulia mtoto.

Mdogo wake: Gari naliacha. Lakini Jumanne nakwenda naye, nakaa chumbani. Wakisema vipimo vizuri, nitauliza vipimo gani.

Mama alikula kidogo. Kisha akanigeukia mimi.

Mama: Wewe ndiye utakuwa sauti yangu Jumanne?

Nikasema ndiyo, jina langu limo kwenye ratiba.

Mama: Chukua kalamu, uandike kama nisemavyo. Usilainishe. Mwambie: sikuja kuomba dripu. Nimekuja uniangalie. Mwambie ile alama yangu ilikuwa nyeusi, na nilisema, na hawakusikia. Mwambie habari ya basi. Na lile daftari umsomee, siku zote, mistari na nukta, hata kama saa yake imekwisha.

Niliandika nyuma ya karatasi ya miadi. Nilimsomea kwa Kiswahili, akasahihisha neno moja: nilikuwa nimeandika uniangalie, akasema hapana, andika uendelee kuniangalia. Nikafuta, nikaandika upya.

Miadi ni saa nne asubuhi.